Machicha Niliyotia Bwawani

Mwaka juzi, kwenye baridi ya Julai, bwana samaki wa kata aliniletea binti aliyekuwa anasomea mambo ya bahari. Nafasi za mafunzo huko pwani zilikuwa zimejaa, na kwa kuwa kwao ni Tunduru, chuo kikamwambia atafute maji mkoani kwao. Maji yaliyopatikana ni bwawa langu la perege, bondeni huku Mjimwema. Akae kwetu wiki moja, apime maji na samaki, aandike kwenye daftari la chuo, halafu Ijumaa mwalimu wake aje kukagua. Mwalimu asiporidhika, binti arudie mafunzo yote.

Mume wangu hakumwacha hata apumzike.

"Mwanangu, bahari yenyewe ndiyo hii. Angalia usizame."

"Baba, hii nikisimama inanifika kiunoni."

"Basi andika hivyo, uende zako kesho!"

Alicheka, akatoa korosho alizotuletea. Nilimpenda hapo hapo. Labda nilimpenda haraka mno.

Jumatatu alinipa sharti moja tu: samaki wale makopo mawili ya pumba, moja asubuhi na moja alasiri, basi. Jumanne alitumbukiza kifuniko cha ndoo ya rangi alichokipaka nyeusi na nyeupe, kimefungwa kamba yenye mafundo, apime uangavu wa maji. Alisema kule baharini kinashuka mbali sana ndipo kinapotea machoni. Kwangu kilipotea kabla hakijafika fundo la pili. Niliona aibu, kama mtu aliyekutwa hajafagia uwanja.

Jumatano tulivuta nyavu, yeye akiwa ndani ya maji anatetemeka meno. Aliwapima samaki kwenye mzani mdogo akitaja uzito kwa sauti, na wote walikuwa wadogo. Mimi moyoni nikawaza: huyu mwalimu anatoka mbali, atamkuta mtoto wa watu na samaki wamekonda. Kwetu mgeni akisubiriwa, kuku wake anaongezewa mahindi. Jirani yangu anapika pombe ya komoni. Jioni ile nikamwomba machicha, nikatia ndoo nzima bwawani. Alhamisi jioni nikatia nyingine. Sikumwambia binti. Nilidhani namsaidia, lakini kama ni msaada, mbona nilisubiri aingie ndani kuoga?

Ijumaa alfajiri, yeye akiwa anaswali, nilitangulia bwawani. Samaki walikuwa wamejaa juu wanahema midomo wazi, na wengine wameshalala ubavu. Maji yananuka. Binti alipofika alikimbia kufungua mfereji maji mapya yaingie. Alifanya hayo yote bila kulia. Alipomaliza kuokota waliokufa ndipo akakaa kwenye tuta, akafungua daftari.

"Mama, nimekosea kipimo cha chakula. Sijui wapi, lakini ni mimi."

Nilipanda nyumbani nikamweleza mume wangu.

"Nyamaza," akasema. "Yeye ni mtoto, atasamehewa. Wewe utachekwa mpaka Msamala."

Na kweli nilinyamaza, mpaka saa nne. Mwalimu alifika, mtu mpole wa miwani. Nikampa shikamoo kwa woga ingawa nadhani mimi ndiye mkubwa. Binti akaanza kumweleza kosa lake. Alipofika kwenye neno "uzembe wangu" nilishindwa.

"Mwalimu, ni mimi. Nilitia machicha. Ndoo mbili."

Binti aligeuka. Sijasahau uso ule.

"Mama, ungeniambia hata jana! Baridi hii samaki hawali. Chakula kinaoza, kinamaliza hewa ya majini. Jana tungewaokoa wote."

"Hukuniambia kwamba baridi inawazuia kula."

Nilijuta kulisema neno hilo, maana lilikuwa kama kujitetea. Lakini lilikuwa kweli, na yeye alilipokea. Mwalimu alituangalia wote wawili, akamwambia binti aandike sababu kama ilivyo, mbele yangu, na asome.

Akasoma: "Mwenye bwawa alitia chakula cha ziada bila taarifa. Mimi sikumweleza sababu ya kupunguza chakula. Alhamisi nilisikia harufu ya maji, sikuchunguza. Samaki waliokufa ni kumi na mmoja." Akaniuliza, "Mama, nimekuonea?"

"Hujanionea. Ila idadi siyo hiyo."

"Nimehesabu mara mbili."

"Umehesabu uliowakuta. Wawili niliwatoa alfajiri kabla hujaja, nikawafukia mgombani. Wale wakubwa."

Mwalimu alivua miwani akaifuta. Binti alijizuia, akajizuia, mwisho akaangua kicheko mpaka akashika magoti.

"Mama wewe! Ungenifelisha kwa mapenzi!"

"Waletwe," mwalimu akasema. "Bila hao sisaini."

Nikachukua jembe nikaenda kuwafukua. Binti aliwaosha udongo, akawapima mmoja mmoja, mimi nimeshika mzani. Kwenye daftari alifuta kumi na mmoja, akaandika kumi na watatu, na mwalimu akatia saini akiwa amesimama pale pale kwenye tuta.