Giza Lililompokea Mama

Kakamega si mahali pa kutazamia nyota. Alasiri mvua inanyesha, jioni mawingu yanabaki juu ya paa kama wageni wasiojua kuaga, na anga likikaa safi wiki nzima majirani wanaanza kulia kwamba mahindi yanakauka. Kwa hiyo nilipopakua programu ya ramani ya anga, sikuwa na nia ya kuona nyota. Nilikuwa nimefunga duka langu la kupiga chapa mjini na kurudi nyumbani Malinya na kompyuta moja ya mezani, na nilitaka kitu cha kufanya jioni. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Watoto walikuwa wamesambaa, mmoja Nairobi, mwingine Uarabuni, na simu zao zilikuja Jumapili, fupi fupi, za kuuliza kama nimekula. Nilibaki na mama yangu, niliyemchukua kwangu alipozidiwa na uzee, naye alikuwa mtu wa kulala mapema.

Programu yenyewe ilikuwa ya bure, na ilikuja vipande vipande. Kipande cha kwanza kilikuwa anga lenye nyota chache tu. Ukitaka nyota zaidi unaongeza kipande kingine, ukitaka mwezi na sayari unaongeza kingine, na kulikuwa na kipande chake cha kupiga hesabu za kupatwa kwa jua, miaka ya nyuma na ijayo. Niliviongeza kimoja kimoja. Nilisingizia intaneti yetu, ambayo kweli ni ya kubembelezwa, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nikivibania. Nilijua nikivimaliza vyote nitabaki nikitazamana na ukuta.

Jioni moja mvua ya mawe ilimtoa mama chumbani. Alivuta kiti akaketi nyuma yangu. Nilikuwa nimerudisha saa ya programu hadi jioni ya harusi yangu, niuone mwezi ulikuwa wapi. Nilimweleza hivyo, nikitegemea anicheke.

"Hii kitu inaonanga mambo ya zamani?" aliuliza.

"Ya jua na mwezi, Mama. Ya watu haioni."

"Basi itafute siku yangu."

Sikuhitaji kuuliza ni siku gani. Kitambulisho cha mama kina tarehe mosi Januari, kama vya wazee wengi wa huku. Karani alimtazama usoni, akakisia mwaka, akaandika, wakaachana. Mama mwenyewe alijua jambo moja tu: alizaliwa kwao, Khwisero, siku ambayo jua lilikufa alasiri. Giza liliingia, kuku wakaenda kulala, kisha mwanga ukarudi na kuku wakatoka tena, wamechanganyikiwa.

Lakini tarehe haikuwa shida yake. Kwao, mwanamke aliyempokea mtoto akizaliwa ana haki naye maisha yote. Binti akiolewa, yule mkunga huitwa mbele ya watu, akapewa kuku na kusifiwa. Siku ya harusi ya mama kuku alikuwepo, amefungwa miguu, na hakuna mwanamke aliyesimama kumchukua. Watu walitazamana. Alipomuuliza mama yake, bibi yangu, ni nani aliyempokea, alijibiwa, "Ulipokewa na giza," na mlango ukafungwa hapo. Aliuliza tena akiwa na watoto wake mwenyewe, jibu likawa lile lile. Bibi alikufa bila kusema zaidi. Basi mama alizeeka na minong'ono ya siku ile: kwamba labda aliokotwa, labda yule aliyemlea si yeye aliyemzaa.

Niliiweka Kakamega kwenye programu, nikaingiza namba za latitudo na longitudo nilizotoa kwenye simu, nikaiambia itafute. Ilinitolea kupatwa kwa jua kwingi, lakini ndani ya miaka ambayo mama angeweza kuzaliwa, hapakuwa na hata kumoja kwa alasiri. Nilirudia jioni iliyofuata, na iliyofuata. Hakuna.

Ningemficha, nadhani, kama angekuwa mtu wa kufichika. Aliniona usoni.

"Haiko?"

"Haiko, Mama. Lakini mashine hizi nazo..."

"Usiitetee. Mama alinidanganya, basi." Alijifunga leso upya. "Kumbe hata hiyo giza hakukuwa."

Kuanzia hapo alikula kidogo na kusema kidogo. Mtu hudhani nyumba ya watu wawili haiwezi kuwa na upweke zaidi kuliko ya mtu mmoja. Inaweza. Nilimsikia akigeuka kitandani upande wa pili wa ukuta, nami nikigeuka upande wangu, na hakuna aliyemwita mwenzake. Nilijilaumu, kisha nikamkasirikia bibi, marehemu wa watu, kwa ubahili wake wa maneno. Kisha nikaikasirikia programu, ambayo ilikuwa ya bure na kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumgombeza.

Nilikuwa tayari kuifuta kabisa. Kabla ya kuifuta nilifungua ramani ya dunia iliyomo, ile inayoonyesha mtazamaji amesimama wapi, na nikajiona. Nilikuwa alama ndogo nyekundu katikati ya bahari ya Atlantiki. Hakuna kisiwa, hakuna chochote. Nilicheka peke yangu kwa sauti, kwa sababu mtu akiniuliza miaka hiyo nilikuwa naishi wapi, pale palikuwa jibu zuri kabisa.

Waliotengeneza programu ile walihesabu longitudo za magharibi kuwa chanya, na sisi wa mashariki tulitakiwa kuwekewa alama ya kutoa. Mimi nilikuwa nimeiweka namba yetu kavu kavu, bila alama, kama tulivyofundishwa shuleni, na mama nimemfanya azaliwe baharini. Niliongeza ile alama. Alama nyekundu ikaruka Afrika nzima ikatua nyumbani. Nilitafuta tena, na alasiri ile ikatokea. Jua lilimezwa na kutapikwa kabla halijazama, juu ya Khwisero, mwaka ambao ulimwongezea mama umri kidogo kuliko alivyokisia karani.

Asubuhi nilimkuta barazani akichambua majani ya mrenda. Nilimwambia mwaka, mwezi na tarehe. Hakuinua kichwa.

"Siku gani?"

Nilidhani hakunisikia. "Nimekuambia tarehe, Mama."

"Tarehe ni ya serikali. Siku gani ya wiki?"

Nilirudi ndani kuangalia. "Jumanne."

Mikono yake ilisimama.

"Jumanne ilikuwa siku ya soko," alisema. "Soko yetu ilikuwa Jumanne tangu zamani. Wanawake wote wa boma walikuwa wanaenda, hata wazee, wanarudi jua ikiingia. Mwenye alikuwa anabaki ni mwenye hawezi kutembea."

Nilikaa chini kando yake.

"Hakukuwa na mtu," alisema. "Hakuna mtu alinipokea kwa sababu hakukuwa na mtu. Alinitoa yeye mwenyewe, na hiyo giza juu."

"Kwa nini hakusema hivyo tu?"

"Mwanamke akizaa peke yake wakati huo, waliulizanga alikuwa anaficha nini. Angewaambia nini? Aliwaambia giza." Alipangusa macho kwa mkono wenye majani. "Na mimi nimemchukia kwa hiyo neno mpaka akaingia kaburini."

Nililia, nami sikujua kama nalia kwa ajili yake au kwa ajili ya yule msichana wa Khwisero aliyekuwa bibi yangu, na nyumba zote za boma zikiwa tupu.

Baada ya muda mama aliniuliza kama mashine ile inaweza kusema giza lilikaa muda gani.

"Dakika chache tu, Mama," nilimwambia, nikidhani namfariji. "Halafu likaondoka."

Alitikisa kichwa polepole.

"Wewe umezaa hospitali," alisema. "Hiyo haikuwa chache."