Askari Niliyemwachia

Mimi ni mtu wa kujisifu, wanaonijua watakwambia, ila mchezo huu mmoja wa sataranji sijausifia hata siku moja.

Katika mashindano ya hapa Nchelenge tulibaki wawili, na nafasi ya kwenda kucheza Mansa, makao ya mkoa, ilikuwa moja. Mwenzangu ni mama muuza dagaa sokoni, Mkongomani kama mimi. Aliniita yaya, kaka mkubwa, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha. Wiki moja kabla ya pambano letu aliniletea daftari alimoandika, hatua kwa hatua, mchezo ambamo alimshinda mwalimu mmoja wa Mununga. Aliomba tuuchambue pamoja, hasa ule mwanzo wake.

Tukaupanga upya kwenye benchi la kanisa. Hatua ya saba, malkia wake alikwenda mbali kula askari wa pembeni. Mwalimu hakuona kitu. Mimi niliona: farasi mmoja akisogea, malkia hana njia ya kurudi. Na sababu niliijua. Huyu dada alikulia kwenye dama ya vizibo vya soda, ambako ukiweza kula lazima ule, na mkono wake haujaisahau sheria hiyo. Nilipaswa kumwambia. Nikasema mwanzo ni mzuri, aucheze huohuo.

Siku yenyewe nikamwachia askari yuleyule. Akala bila kufikiri. Niliposogeza farasi aibu ilinishika palepale, jasho likanitoka kama mwizi, lakini mkono sikuurudisha. Nikashinda.

Kwetu aliyeshinda haondoki kwanza. Hukaa na aliyeshindwa wakautazama mchezo tangu mwanzo. Akatoa daftari na kalamu.

"Yaya, niliharibu wapi? Uniambie kweli."

Kweli ilikuwa hapo mbele yetu. Lakini ningemtajia yule askari, angejiuliza kwa nini sikumtaja wiki iliyopita. Nikamwambia kula hakukuwa kosa, kosa ni hatua iliyofuata, angeitoa ngome mapema angepona. Uongo mtupu. Maana yake mwakani atakula tena, na atanaswa tena, na mimi najua.

Akaandika yote polepole, akapiga mstari chini yake.

"Aksanti, yaya," akasema. "Mutu mwengine angenificha."

Nikamjibu si kitu, nikaanza kukusanya kete.