Kidole cha Pete cha Ukoo wa Mume Wangu

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe alipanda treni kutoka Bukene hadi hapa Tabora, akaingia chumbani hata maji hajanywa. Hakuniuliza hali. Alimtoa mtoto kwenye khanga, akakifungua kile kingumi, akavinyoosha vidole. Cha pete kilikipita cha shahada waziwazi. "Huyu wetu," akasema. Ndipo akanipa mkono. Maneno yaliyokuwa yakisemwa juu yangu kule kwao yalikufa siku ile.

Tangu hapo kidole kile kikawa fahari yangu. Nilizaa wanaume wanne, wote mkono wa baba yao. Wajukuu nao niliwafungua ngumi mmoja mmoja, mbele ya watu, kwa sauti. Huyu wetu. Huyu naye wetu. Niliringa, sifichi.

Juzijuzi mjukuu wangu anayesomea uuguzi alikuja likizo. Tulikuwa uani tunamenya karanga, nikawa namsimulia habari hiyo ya kidole. Akaacha kumenya.

"Bibi, unajua kuna wataalamu wamevichunguza vidole hivyo? Mwanamume ambaye cha shahada ni kifupi kuliko cha pete, baadhi yao wanasema huenda yuko kwenye hatari zaidi ya saratani ya tezi dume."

"Tezi gani?"

"Ya wanaume, iko chini ya kibofu. Ikivimba, mkojo unasumbua. Lakini bado wanabishana, Bibi, hicho si kipimo cha..."

Shule niliishia la tatu, lakini mkojo naujua. Mengine sikuyasikia tena.

Maana babu yake alikuwa na miezi anakawia chooni. Choo chetu ni cha mabati, kila kitu kinasikika. Tone. Kimya. Tone. Kisha anakohoa kikohozi cha uongo. Nilikuwa nasikia, najifanya sisikii.

Ijumaa alirudi msikitini, akala, akajilaza mkekani barazani, kiganja wazi. Nikachomoa njiti ya fagio. Nikaipima kwenye kidole cha shahada, nikaikata kwa meno, nikaihamishia kwenye cha pete. Haikufika; kucha nzima ilibaki nje. Nilikijua kidole hicho tangu harusi yetu, lakini safari hii niliikandamiza njiti mpaka nikamchoma.

Akafumbua jicho moja. "Unanipima sanda, mwanamke?"

Alikuwa anatania. Mimi nikaangua kilio.

Nikamwambia yote. Alicheka kwanza, kisha akakasirika. "Kwa hiyo mama yangu alikuwa anakagua ugonjwa? Na huko hospitali unajua wanapima wapi? Kijana wa kumzaa mwenyewe aniingize kidole? Niache nife na heshima yangu."

"Mimi nimezaa wanne, wamenichungulia madaktari na wanafunzi wao. Heshima yangu imepungua wapi? Ukifa na heshima yako, mimi nibaki na nani, na heshima?"

Jumatatu asubuhi alivaa kanzu ya Idi bila kuambiwa.

Daktari alikuwa kijana kweli. "Shikamooni," akasema. Sikungoja maelezo, nilimshika mzee mkono, nikaubandika mezani. "Kitazame hicho kidole!"

Akakitazama, kisha akaweka mkono wake pembeni. Na chake cha pete kilikuwa kirefu vilevile.

"Mama, wanaume wengi tuko hivi. Kidole hakiniambii kama mzee ni mgonjwa. Umri wake na mkojo wake ndivyo vinavyonifanya nimpime. Mzee, ulianza lini?"

Mzee akatazama sakafu. "Kabla ya Ramadhani iliyopita."

Karibu mwaka! Wakamtoa damu, wakampima na kule alikokuogopa, wakatuambia turudi Alhamisi kuchukua majibu.

Leo Jumatano mchana, mke wa mwanangu wa mwisho ameletwa nyumbani na mtoto mchanga, wa kiume. Sebule imejaa, wote wananingoja mimi. Nimempakata, ngumi yake imefumbwa kama kokwa. Badala ya kuifungua, nimeifunika kwa kiganja changu.

"Mama, kuna nini?" ameuliza mama wa mtoto, uso unambadilika. Najua anachowaza, mahali pake niliwahi kuwa mimi. Lakini mkono umekataa.

Mzee ndiye aliyeinuka. Akaja, akaondoa mkono wangu, akavinyoosha vile vidole mwenyewe. "Huyu wetu," akasema, sauti ya mama yake kabisa. Kisha akamwinamia mtoto: "Wewe ukikua, wahi kupima. Usingoje bibi yako akuchome njiti."

Watu wakacheka. Mke wa mwanangu akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Mzee naye akatoka uani, polepole, nami nikabaki na mtoto mapajani, masikio yangu yote yako kwenye mabati.

Tone. Kimya.

Majibu ni kesho.