Mtu wa Swichi

Mdogo wangu alipata kazi kwa sababu kompyuta ilikuwa mbovu. Kiwanda kimoja cha nyuzi pale Thika, miaka ya tisini ikielekea kuisha, kilikuwa kimefunga kompyuta ya kuendesha rola za kuvuta nyuzi. Ukibonyeza kitufe cha kusimamisha, kwa kawaida rola zilisimama. Mara nyingine ziliendelea tu kuzunguka. Basi wakamweka binti huyo, mdogo wangu, kando ya swichi kubwa ya umeme, aikate akisikia mayowe. Tangu wazazi wetu wafe, nami kuachia shule kidato cha pili, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nyumba yetu ya Ruiru kupata mshahara wa pili.

Siku moja hakuwahi kuikata. Mama mmoja alikatika vidole. Msimamizi akaja kwenye karakana ya kompyuta nilikofanya kazi, na tajiri wangu akanituma mimi.

Nilijua nikiitengeneza, hawatahitaji tena mtu wa swichi.

Kosa lilikuwa kwenye kiini cha mfumo, ile programu ya chini kabisa inayoamua nyingine zilale au ziamke. Programu ya rola, kabla ya kulala, iliangalia kama kuna ishara ya kusimama. Isipoona kitu, ililala. Ishara ikifika katikati ya kuangalia na kulala, ilipokelewa vizuri, lakini hakuna aliyeamshwa, kwa kuwa programu ilikuwa bado macho; kisha ikalala bila kuiona. Nikageuza mpangilio: ijitangaze kwanza kuwa inalala, ndipo iangalie, ili ishara ikifika hapo katikati iamshwe. Mistari miwili tu ilibadilishana nafasi.

"Mwite huyo wa swichi ashike gunia kwa rola," msimamizi akasema. "Tuone kama unajiamini."

Nikalishika mwenyewe, rola zikilivuta pamoja na mikono yangu. Akabonyeza, akaziwasha tena, akabonyeza, akicheka kila nilipofumba macho, hadi akachoka. Rola hazikukataa kusimama hata mara moja.

"Haya, wewe wa swichi, vua dastikoti ya kiwanda. Mshukuru dadako."

"Ngai, Mungu wangu!" mwanamke mmoja akasema, kisha akarudi kwa uzi wake. Mdogo wangu akafungua vifungo, watu wote wakimwangalia.

Nje ya geti akaniambia, "Si ungeiacha tu!"

"Na vidole vya watu?"

"Yule mama ndiye anatulisha?"

"Hata ningerudishwa kesho, ningeitengeneza tena."

Akavuka barabara, akaendelea kutembea upande ule mwingine. Nilipomwita, hakugeuka.