Mama Ramla Aokoa Kazi ya Mahamudi

Mizinga iliposikika upande wa Sake, mtaa wote wa Majengo ulikimbia na magodoro na masufuria. Mama Ramla alibeba kazi ya mwanawe. Mahamudi alikuwa akiandika kwa asembli, lugha ngumu ya kompyuta, programu ya kuiga mashine ya zamani ya michezo ya video, naye mama aliona jinsi anavyoikodolea macho mchana kutwa. Walipovuka mpaka hadi Gisenyi akafungua kitenge kwa fahari. Ndani mlikuwa na skrini tu.

“Mama! Kazi iko ndani ya lile boksi la chini ya meza!”

“Mutoto wangu, boksi sijakuona ukiliangalia hata siku moja.”

Mahamudi akampigia simu Lucie, mwenzake wa mradi, aliyekuwa Bukavu. Git, programu ya kutunza kazi ya pamoja, ilimwekea kila mmoja nakala nzima ya kazi, mradi tu mwenzake awe ametuma.

“Sehemu ya sauti hujaituma tangu Pasaka,” Lucie akasema.

“Nilikuwa naisafisha kwanza. Wewe unacheka sana ukiona kazi chafu.”

“Ulikuwa unaipeleka harusini?”

Vita vilipotulia walirudi. Waporaji walikuwa wamebeba televisheni, jiko, hata mlango. Boksi la kompyuta lilikuwa palepale: nani aibe ordinatere isiyo na uso?

“Unaona?” akasema Mama Ramla.

Mahamudi aliunganisha skrini. Akamtumia Lucie kila kitu, pamoja na uchafu wake wote. Simu ikaita. Lucie alikuwa anacheka mpaka anakohoa, naye Mahamudi akamwacha acheke.