Asteria Arudi Kwenye Kompyuta

Asteria aliondoka Dar es Salaam akiwa na miaka thelathini na minne, begi moja la nguo na kompyuta mpakato begani. Mama yake, Eliwaza, alikuwa amepata kiharusi akiwa shambani kwao Mhezi, kijiji cha milimani juu ya Same, na upande wote wa kulia wa mwili ulikuwa umepooza. Asteria aliomba likizo ya mwezi mmoja. Mwezi ukazaa mwezi, hadi barua ya kuacha kazi akaiandikia jikoni.

Kule Dar alikuwa akitunza kanzidata ya hospitali kubwa, kumbukumbu za wagonjwa wote. Mji hakuukumbuka sana. Alichokitamani ni chumba cha seva, ubaridi wake na mvumo wake, na ile dakika ambapo kitu kilichogoma tangu asubuhi kinakubali ghafla, na wewe peke yako ndiye unayejua kwa nini. Akipalilia maharage, alijikuta akirudia amri za kompyuta kwa sauti ya chini. Jirani alimsikia siku moja, akamuuliza anaongea na nani.

"Na kazi yangu," alijibu. Wakacheka wote wawili, ila kicheko cha Asteria hakikufika mbali.

Ikapita miaka tisa. Ndipo dada yake Koleta alipostaafu unesi Tanga, akarudi nyumbani. Alimtazama mdogo wake wiki mbili, kisha akasema, "Sasa zamu yangu. Mama nitamgeuza mimi. Wewe rudi kwenye vitu vyako."

Vitu vyake vilikuwa vimemkimbia, na kompyuta yake mpakato ilikuwa imeharibika zamani. Mtandao ulishika kwenye mteremko nyuma ya kanisa tu, na huko alikwenda kila alasiri na simu na daftari, kujifunza upya. Mengine aliyoyajua yalikuwa yamebadilishwa majina, mengine hayatumiki tena. Kuna siku alirudi mapema, akamwambia Koleta kichwa kimekataa. Kesho yake akaenda tena.

Baada ya miezi minane aliitwa kwenye usaili Same, kwenye taasisi iliyokuwa ikihamishia kumbukumbu za zahanati kwenye kompyuta. Alishuka kwa bodaboda amevaa sweta. Joto la mjini likamvua hata kabla hajafika mlangoni. Msaili alikuwa kijana aitwaye Rodrick.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," aliitikia, moyo ukimshuka. Tangu lini msaili akamwamkia anayeomba kazi?

Rodrick aligeuza karatasi za wasifu wake. "Hapa katikati sioni kitu. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, namuuguza mama."

"Na kompyuta hukugusa kabisa?"

"Sikugusa. Nilikuwa naiwaza tu."

Kijana akamsogezea kompyuta. Kulikuwa na orodha ya wagonjwa ambayo kila jina lilijitokeza mara mbili. Programu ile Asteria hakuwahi kuiona. Ilibidi aulize pa kubonyeza, tena mara tatu, huku masikio yakimwaka kwa aibu. Lakini kosa lenyewe alilitambua. Majedwali mawili yalikuwa yameunganishwa vibaya. Akayatenganisha, akayaunga upya, majina yakatulia.

"Nafasi uliyoomba siwezi kukupa, dada, nitakuwa nakudanganya," Rodrick alisema. "Ninayo ya msaidizi, chini yangu. Miezi sita ya majaribio."

"Naichukua," alisema, kabla hajamaliza kusikia.

Alipanga chumba Same. Wiki ya kwanza furaha ilimnyima usingizi. Wiki ya pili, siku ya Jumanne, akiwa katikati ya kazi aliyoililia miaka yote ile, ilipofika saa sita kamili miguu ilimwinua yenyewe kwenye kiti. Ilikuwa saa ya uji wa mama. Akabaki amesimama. Dirishani milima ilikuwa imejifunika wingu, na Mhezi ilikuwa huko juu ndani yake.

Alimpigia Koleta. "Mpe mama simu."

Ilichukua muda. Kisha ikaja ile sauti nzito, inayoburuta kila neno. "Ume... kula?"

"Nimekula, mama," alisema, na hakuwa amekula.

Majaribio yalipokwisha walimwajiri. Kila Ijumaa hupanda Mhezi, na kila Jumapili akishuka, sehemu kubwa ya njia huwa ameangalia nyuma.