Cha Kujaza Mfarishi wa Mama

Muuza magodoro wa Mtoni aliniapia kwamba hakuna kama sufi, nikaijaza kwenye mfarishi wa kujifunika niliokuwa nashona kwa mkono kwa vipande vya khanga za marehemu mama. Kuufua tu, sufi yote ikajikusanya pembeni kama jipu. Nikafumua, nikaweka pamba nene ya makochi. Sindano zikapinda, na kujifunika kitu kile kwa joto la Temeke ni kujichemsha. Nikafumua tena, huku nalaani.

Mama mdogo alinikuta hapo hapo.

"Doti ina khanga mbili. Umekata moja moja, za pili ziko wapi?"

"Sandukuni, mama mdogo. Siwezi kuzikata."

"Nani kasema uzikate? Zitandaze humo katikati, nyepesi, sindano inapita. Au unamsubiri dada yangu aje azivae?"